Kabla ya Kununua Hisa ya Gemu, Jua Nani Atakayetangaza Hesabu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Likoni aliyejiunga msimu huu na soko letu la hisa za kuigiza, na ambaye tayari amepoteza zaidi ya nusu ya mtaji wake wa pesa bandia. Aliniamkia kwa heshima, kisha akaniuliza swali ambalo nimelizoea tangu nilipoanza kuongoza jedwali la washindi: "Kaka, wewe unajuaje gemu gani itauza?" Jibu langu ni kwamba sijui, wala sijitaabishi kujua. Ninachokijua ni masharti ya soko, na wenzangu wengi hawajayasoma hata mara moja.

Kwa asiyefahamu, soko letu ni la wapenzi wa gemu wa hapa Mombasa, na tumeliiga kutoka kwa masoko yaliyotutangulia ughaibuni. Hollywood Stock Exchange, lililoanzishwa mwaka 1996, huuza na kununua hisa za filamu kwa dola za kubuni, na bei ya hisa hulenga mapato ya filamu katika majuma manne ya kwanza. Baadaye likaja simExchange, lililofanya vivyo hivyo kwa mauzo ya gemu. Sisi tunatumia hesabu nyepesi. Hisa hufungwa siku ya tisini baada ya gemu kutoka, na mwenye hisa hulipwa shilingi bandia moja kwa kila nakala laki moja ambazo kampuni yenyewe imetangaza kuziuza. Anayeona bei imepanda kupita kiasi anaruhusiwa kuazima hisa ambazo hana na kuziuza, kisha azinunue baadaye kwa bei ya chini azirudishe, na tofauti ya bei ni yake. Mwishoni mwa masharti kuna kifungu kifupi kisemacho kwamba gemu ambayo hesabu yake haikutangazwa hufungwa kwa sifuri. Kifungu hicho ndicho kilichonitajirisha, ikiwa mtu anaweza kutajirika kwa pesa isiyonunua hata kikombe cha kahawa chungu.

Mwezi wa Agosti 2024 zilitoka gemu mbili zikifuatana kwa siku tatu tu. Black Myth: Wukong ya kampuni ya Kichina ya Game Science ilitoka tarehe 20, na Concord ya Sony ikatoka tarehe 23. Wenzangu waliikimbilia Concord kwa hoja kwamba Sony ni Sony na kwamba gemu ya risasi ya wachezaji wengi haikosi watu, ilhali Wukong waliiona kuwa hadithi ya nyani isiyomhusu mtu yeyote mtaani. Mimi nilitazama Steam, duka ambalo huonyesha hadharani idadi ya watu wanaocheza kila gemu kwa wakati mmoja. Concord ilipofunguliwa kwa majaribio ya bure mwezi wa Julai, wachezaji wake wa Steam hawakufika elfu tatu kwa wakati mmoja, na kitu kilichokosa watu kikiwa bure sikuona kingewapata wapi kwa dola 40. Nikauza hisa za Concord ambazo sikuwa nazo, na fedha niliyopata nikaitia yote katika Wukong kwa shilingi 28 hisa moja.

Siku tatu baada ya kutoka, Wukong ikatangaziwa nakala milioni 10, yaani shilingi 100 kwa kila hisa. Concord nayo haikufikisha wachezaji mia saba kwa pamoja kwenye Steam katika siku zake za mwanzo. Sony ikasimamisha mauzo, ikawarudishia wanunuzi fedha zao, na tarehe 6 Septemba ikaizima kabisa. Siku tisini zikapita bila hesabu ya nakala kutajwa, na hisa ikafungwa kwa sifuri.

Nilitarajia pongezi. Badala yake, mwanachama mmoja niliyemheshimu sana alisema mbele ya wote kwamba nimeshinda kwa bahati na ujanja, kwa kuwa nakala kadhaa zilikuwa zimeuzwa na kwa hivyo sifuri haikuwa hesabu ya kweli. Akadai kura ipigwe. Ikapigwa, nikashinda, naye tangu siku hiyo hunisalimu kwa ncha ya ulimi. Nitasema leo nilivyosema siku ile: kifungu kilikuwepo kabla Concord haijatoka, na aliyekiandika ni yeye.

Basi msomaji wangu, soma masharti. Kampuni hutangaza hesabu pale inapoipendeza. Gemu iliyouza sana utaisikia ndani ya siku chache, na iliyouza kidogo hutaisikia kabisa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila katika soko hili mshindo humwangukia mwenye hisa.

Hata hesabu inapotangazwa, tazama ni hesabu ya nini. Gemu ya Starfield ilipotoka Septemba 2023, tangazo lililofuata lilitaja wachezaji zaidi ya milioni 10, na vijana wakashangilia kana kwamba wameshalipwa. Wachezaji si nakala: wengi waliicheza kwa Game Pass, usajili wa kila mwezi unaomruhusu mtu kucheza gemu nyingi bila kuzinunua, na hesabu ya nakala haikutolewa. Nintendo, katika taarifa zake za fedha, huhesabu nakala zilizoondoka kwake kwenda kwa wauzaji. Atari walipotengeneza mamilioni ya gemu ya E.T. mwaka 1982, sehemu ya zile zisizouzika ziliishia kuzikwa jaani huko Alamogordo, na zikafukuliwa mwaka 2014. Kutengenezwa, kusafirishwa, kuchezwa na kununuliwa ni mambo manne tofauti, na sisi tunalipwa kwa moja tu.

Hapa ndipo macho ya Mombasa yanapotudanganya zaidi. Kuna chumba cha PlayStation kule Majengo ninachokipitia jioni, ambako vijana hujibana kwenye benchi moja wakisubiri zamu ya kucheza mpira. Anayefungwa huinuka na kumwachia pedi anayefuata, na wote huiita gemu hiyo FIFA ingawa tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Diski ni moja, imechakaa, na jina la mwenye chumba limeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito ili isipotee. Mtaa mzima unacheza, na kampuni imeuza nakala moja. Mwenzetu anayetoka humo akaenda kununua hisa kwa sababu chumba kilijaa amehesabu watu, hakuhesabu mauzo.

Wapo pia wanaofanya biashara kwa hasira. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 ikiwa imejaa hitilafu hadi ikaondolewa kwenye duka la PlayStation, mwenye hasira angeiuza yote. Kufikia tarehe 20 ya mwezi huohuo ilikuwa imeuza nakala milioni 13, baada ya kupunguzwa zile ambazo wanunuzi waliomba kurudishiwa fedha. Ubovu haukuwa sehemu ya hesabu. Someni masharti, jamani, na muache mapenzi na chuki nyumbani.

Kijana wa Likoni aliuliza pia kama atie mtaji uliobaki katika Grand Theft Auto VI. Gemu hiyo iliahidiwa vuli ya 2025, ikasogezwa hadi tarehe 26 Mei 2026, na sasa imepangwa tarehe 19 Novemba 2026, kwa hivyo hata ikitoka kwa wakati hisa yake itafungwa Februari 2027, na hadi hapo fedha yake itakuwa imelala. Bei katika soko letu imefika 900, yaani nakala milioni 90 ndani ya siku tisini. Wanaonunua wanaitegemea Grand Theft Auto V, iliyopita nakala milioni 200, wakisahau kwamba hizo ni za miaka mingi tangu 2013, na kwamba katika majuma yake sita ya mwanzo ilipeleka madukani nakala karibu milioni 29. Mimi kwa bei ya 900 ni muuzaji. Akinunua leo, huenda anayemuuzia ni mimi.