Ukipanda Newala, beba sweta na uheshimu maji

Jamaa zangu wa Mtwara mjini wakipanga safari ya Newala huniuliza habari za barabara na nyumba za wageni. Mimi huwaambia kwanza wabebe sweta, hasa mwezi wa sita na wa saba.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na uwanda huo hauna mlima wa kuuona kwa mbali ukajiandaa. Ukipita Nanyamba na Tandahimba, ardhi inainuka polepole kuelekea magharibi, mikorosho huku na huku, na ukifika Newala uko mamia ya mita juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida, kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6. Kisha kuna kusi: upepo huo hutoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, ukipandishwa na mwinuko unapoa, na asubuhi mji unaamka na ukungu. Wakulima wanaujua vizuri, maana ubaridi na unyevu ndio ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unapenda, wakati ule ule mikorosho inapotoa maua. Ukisikia harufu ya salfa alfajiri, ndiyo dawa wanayoupulizia.

Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda ambapo watu huenda kutazama bonde, usiende mapema mno. Subiri kama saa nne, ukungu uinuke na jua liwe bado mgongoni, ndipo utaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Mwezi wa tano ni mzuri kwangu kuliko wa tisa, kwa sababu mvua imeosha anga na moshi wa mashamba haujaanza.

Ninalotaka ulishike zaidi ni maji. Mvua inanyesha, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lakini mchanga na mawe laini ya uwanda huimeza yote. Maji hutokeza chini, mabondeni. Zamani kina mama waliteremka makorongo na kupanda tena na mitungi kichwani. Mradi wa kuyasukuma maji juu kwa pampu ulianza miaka ya 1950, na bado mgao upo. Ndiyo maana nyumba nyingi zina mifereji kwenye bati na kisima cha kuhifadhia mvua uani. Kisima hicho ni akiba ya familia hadi mvua zianze tena.

Kwa hiyo ukifikia kwa ndugu mwezi wa kumi, usijichotee. Muulize mama mwenye nyumba, oga kwa ndoo moja, na kama una gari, panda na madumu yaliyojaa pamoja na samaki wako.