Barua kwa mwanangu: kulipwa kwa kuikataa bima

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tabata. Mama yako hajambo, ila magoti yanamsumbua kidogo. Swali lako la Jumapili sikulijibu pale mezani kwa kuwa mkwe alikuwepo, na mimi habari za mishahara sizizungumzi mbele ya mkwe.

Ulisema mwenzako wa chuo, anayefundisha shule ya serikali huko New Jersey, Marekani, ameikataa bima ya afya ya kazini kwa sababu yumo kwenye bima ya mumewe wa kampuni binafsi, na kila mwaka mwajiri wake anamlipa kwa kukataa huko. Wewe unafundisha Chanika, mumeo yuko manispaa, na wote wawili mnakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Ukauliza kwa nini mmoja wenu asitoke, naye akalipwa.

Mwenzako hakukudanganya. Kule bima ya familia kazini ilifika wastani wa zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka 2024, na sehemu kubwa hubebwa na mwajiri. Mtumishi akijitoa, mwajiri anapumua, kwa hiyo anamkatia kipande. Zamani kwenye halmashauri na shule za New Jersey kipande hicho kiliweza kufika nusu ya kilichookolewa. Tangu 2010 sheria imekibana: robo, au dola 5,000, kutegemea ipi ni ndogo. Nazo zinatozwa kodi kama mshahara.

Sasa tukupimie kwa kibaba hicho hicho. Tuseme mshahara wako ni 900,000. Unakatwa 27,000, serikali inaweka 27,000 nyingine. Ukitoka, serikali imeokoa hiyo 27,000 yake, na robo yake ni 6,750. Mwanangu, hiyo ni nauli ya siku chache kutoka Chanika. Ongeza 27,000 yako unayorudishiwa, unapata 33,750 kwa mwezi kabla ya kodi. Sisemi ni hela ya kutupa. Najua bei ya mchele.

Lakini angalia anayetoka ni nani. Kwa wenzetu gharama hupanda kadiri familia inavyoongezeka. Hapa asiye na mtoto na mwenye wanne wanakatwa asilimia ile ile. Mlango ukifunguliwa, wa kwanza kutoka ni kijana mzima asiyejua hata rangi ya dirisha la famasi, na wanaobaki ni wagonjwa na wazee. Hili tumeshaliona. Toto Afya Kadi, ile bima ya NHIF ya watoto, ilikuwa ya hiari, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na wazazi wengi waliikimbilia mtoto akiwa tayari kitandani. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Ila mfuko ulikuwa unatoa kuliko unavyoingiza, na 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa.

Sikufichi kwamba nina maslahi hapa. Mimi na mama yako tunatibiwa kwa kadi ya mstaafu bila kukatwa hata senti, na wanaotulipia ni ninyi mlio kazini. Ukitoka wewe na wenzako, sijui nitamfuata nani.

Nawe usidhani sikuwahi kuwaza kama wewe. Makato yalipoanza 2001 nilikuwa karani wa mishahara, enzi zile wizara zikiwa bado hapa Dar. Watu walikuja dirishani kwangu na hati zao za mshahara mkononi wakiniuliza nani ameniruhusu, kana kwamba sheria ya 1999 niliitunga mimi. Na jioni nikifika nyumbani nilikuwa nalalamika kuliko wao, maana mama yako naye alikuwa mtumishi na tulikatwa juu kwa juu wote wawili. Kilichoninyamazisha ni macho ya babu yako wa Muheza. Kadi yangu ilikuwa imejaa: ninyi watatu na bibi mzaa baba. Ya mama yako ilikuwa na nafasi nne, akawaingiza wazazi wake. Babu akatolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye, akarudi kijijini anamkosoa kila mtu jinsi anavyolima.

Mkilalamika kuhusu kadi yenyewe, hapo niko nanyi. Kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unazilipia hospitali, kilipoanza Machi 2024, hospitali binafsi kadhaa ziligoma kuwapokea wanachama wa NHIF, na mtu aliyekatwa miaka yote akaambiwa alipe taslimu. Juu ya hilo andikeni, simameni kwenye vikao vya chama cha walimu, hata mimi nitakuja na bakora yangu. Lakini mlango wa kutokea msiuombe.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja Jumapili. Kadi ya mumeo imebeba wajukuu zangu watatu na baba yake. Mama mkwe wako hayumo popote, na anakohoa tangu Pasaka. Hiyo kadi yako unayoiona haina kazi ina nafasi nne, zote tupu. Chukua cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mumeo na picha ya mama, umwone afisa utumishi kabla shule hazijafungwa. Picha akapige Gongo la Mboto, usimlete mjini kwa jua hili.

Baba yako