Kihamba, nyumba ya Pasua na ng'ombe wa Kirua: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Uru. Mvua zimeshika, migomba imependeza, kahawa ndiyo hivyo hivyo. Mama yako hajambo, ni goti tu linalomsumbua.

Juzi uliniuliza kwenye simu: "Baba, wosia umeshaandika, au bado ni mwaka kesho?" Nikasema nitakupigia. Hukuuliza vibaya, ila jibu lake ni refu na simu yangu haina subira.

Nimeandika. Najua ulidhani naogopa kujiitia mauti, maana wapo hapa kijijini wanaoamini hivyo. Mimi mahali pa kaburi langu nilishawaonyesha wote. Kilichonichelewesha ni kihamba, hili shamba la ukoo lenye nyumba tunayoishi. Ukikaa bila kuandika, kila mtoto anaamini anachotaka kuamini na nyumba inatulia. Ukishika kalamu lazima umtaje mtu.

Desturi yetu unaijua: nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba, mkubwa hukatiwa chake mapema, wa katikati ajitafutie, na binti ana kwao atakakoolewa. Babu yako aligawa kwa mdomo, akionyesha kwa fimbo, masale, ile mimea ya mipaka, yakapandwa, wazee wakashuhudia. Wazee wale wote wamekwishazikwa. Baba zako wadogo mpaka leo hawasalimiani vizuri kwa sababu ya mstari mmoja wa masale karibu na mfereji, na kila mmoja anaapa kwamba fimbo ilielekea upande wake.

Nilianza na kisicho changu. Nyumba ya Pasua, pale Moshi mjini, tumejenga mimi na mama yako. Tofali kwa tofali, ndizi alizouza soko la Kiborloni zimo mle. Siwezi kumrithisha mtu sehemu ya mama yako, na yeyote atakayewaambia kwamba mali yote ni ya baba anawadanganya. Kwa hiyo nimeandika sehemu yangu tu. Hiyo nimekupa wewe. Shamba la tambarare ni la kaka yako. Kihamba ni cha mdogo wako, kwa kuwa ndiye anayekaa humu na kupalilia, na nikikikata mara tatu kila mmoja atabaki na pa kupanda mchicha. Mama yako ataishi humu mpaka mwisho wake, hilo nimeliandika wazi.

Baba yako mdogo aliposikia jina lako alinuna. Akasema mali ya ukoo haiendi kwa binti. Nikamjibu kwamba Pasua si ukoo, ni kiwanja nilichonunua kwa jasho. Tena nikamkumbusha kesi ya Muleba, kule kwa Wahaya. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, mpwa wake Bernardo Ephrahim akamshtaki kwamba mwanamke hana ruhusa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema Katiba hairuhusu kumbagua mwanamke katika jambo hilo. Baba yako mdogo akasema Wahaya si Wachaga. Akaomba chai, tukaishia hapo.

Kuandika kwenyewe hakukuwa na maajabu. Uandike kwa wino, si penseli, utie tarehe na sahihi. Kwa sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje. Asiyejua anahitaji wanne. Mama yako alikuwepo nikisaini. Wewe na ndugu zako sikuwaita kwa makusudi, kwa sababu anayerithi hapaswi kuwa shahidi. Jirani yetu Mwislamu aliniambia kwao ni tofauti: wosia hauvuki theluthi ya mali na haumwongezei mrithi, mali inayobaki ina mafungu yake yaliyokwishapangwa. Wosia wenyewe nimeuweka RITA, wakala wa serikali unaohifadhi wosia, hapa Moshi. Usitafute chini ya godoro.

Sehemu iliyonichukua muda kuliko zote ni ile ambayo nadhani wengi huiruka, yaani orodha. Sio ya kugawa, ni ya kujua. Nina ng'ombe jike niliyempa mtu wa Kirua amfuge. Maziwa na samadi ni vyake, ndama tunagawana, na hakuna karatasi yoyote zaidi ya maneno yetu mawili. Ningekufa jana, ng'ombe huyo angekuwa wake na asingekuwa mwizi, angekuwa amekaa kimya tu. Nina hisa za SACCOS, chama chetu cha kuweka na kukopa. Kuna mtu wa Majengo ninayemdai, na kuna duka la pembejeo linalonidai mimi. Deni hilo nalo limeandikwa, maana madeni hulipwa kabla ya kugawana. Mkataba wa mauziano wa Pasua uko benki. Namba ya siri ya simu sikuandika, wala msiitafute: pesa ya kwenye simu ni mali ya marehemu kama nyingine, inafuata mirathi.

Msijidanganye kwamba wosia unawaepusha na mahakama. Msimamizi niliyemtaja ni kaka yako, lakini atakwenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na wosia, athibitishwe, kisha ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu kadiri mahakama itakavyopanga. Nimemchagua kwa sababu anaandika kila shilingi hata pale inapokera. Wewe una huruma mno, ungempa kila mwenye kulia.

Na wewe je? Una kiwanja Dodoma na mtoto ambaye baba yake hamjafunga ndoa. Ukinyamaza, wa kwanza kufika kwenye kikao cha ukoo atasema anavyopenda. Andika, na mtaje utakayemwachia mtoto. Muulize kwanza huyo mtu kama anakubali.

Krismasi mkipanda wote huku mlimani, nitawatembeza kwenye mipaka mchana, kabla ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Kama una neno juu ya mgawanyo huu, liseme sasa, hata kwa ukali. Nikiandika mwingine, wa mwisho ndio unaosimama, na bado nina wino. Kaka yako nimemwandikia barua kama hii. Mdogo wako nimemwambia mdomo kwa mdomo, naye kauliza kuhusu ng'ombe tu.

Baba yako