Mfereji wetu hauvuji tena, mbona mto unakauka?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni wakulima wa mpunga katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Banio letu la zamani la mawe na magogo, yaani kizuizi cha kugeuzia maji ya mto mferejini, liliondolewa, tukajengewa la zege lenye lango la chuma, na mfereji mkuu ukasakafiwa kwa saruji. Kibali cha kutumia maji tunacho na ada tunalipa. Hata hivyo, kila ifikapo Septemba wenzetu wa vijiji vya chini hutulaumu kwamba tumewakaushia mto. Tumekosea wapi?
Msomaji, Mbarali

JIBU: Ndugu msomaji, lawama ya wenzenu ina msingi, ingawa nyinyi mlifuata taratibu zote mlizoelekezwa. Banio la mawe, magogo na nyasi lilikuwa likivuja usiku na mchana, na uvujaji huo ndio uliokuwa fungu la watu wa chini. Mto uliposhuka wakati wa kiangazi, hata mngetaka kuuchukua wote msingeweza. Banio la zege linaweza. Mlango ukiachwa wazi mwezi wa Oktoba, mto mdogo huingia mferejini karibu wote, na chini ya banio hubaki mchanga.

Na huo mfereji uliosakafiwa? Maji yaliyokuwa yakivuja zamani hayakupotea yote, kwani sehemu yake ilirudi mtoni kupitia ardhini au ikalisha visima vya jirani. Sasa yanafika mwisho wa mfereji, na jambo la kawaida ni kwamba wakulima wakiona maji yamezidi huongeza majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta. Hapo ndipo yanapopotea kwelikweli, kwa maana jua huyageuza kuwa mvuke. Siku ya jua kali jaruba la mpunga hupoteza kiasi cha milimita 6, ambazo katika hekta moja ni lita 60,000. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilimkadiria mwanakijiji lita 25 kwa siku. Kwa kipimo hicho, hekta moja ya mpunga wa kiangazi hunywa maji ya watu 2,400.

Ninyi si wa kwanza kuulizwa haya. Ruaha Mkuu, unaopokea mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Mkoji na Ndembera, ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko hubanana katika madimbwi machache yaliyosalia.

Kuhusu kibali, tuseme kinataja lita 200 kwa sekunde na mto una lita 150 tu. Mkisoma karatasi peke yake mtadhani mnaruhusiwa kuumaliza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetanguliza maji ya matumizi ya nyumbani na yale ya kulinda mazingira, ndipo yafuate mengine, ukiwemo umwagiliaji. Kwa maoni yangu, kwa mito ya Usangu ingefaa zaidi kugawana kwa mafungu, kwa mfano nusu ya mto iingie mferejini na nusu iendelee chini, kuliko kwa lita zisizobadilika.

Nawashauri mwanze na jambo moja, yaani kufunga banio wakati wa kiangazi. Najua kizuizi chake: mifereji mingi huachwa wazi kwa sababu kina mama huchota humo maji ya kupikia na kufulia, hata pale ambapo hakuna shamba linalomwagiliwa. Kisima chenye pampu hutoa kiasi hicho hicho bila kuuvuta mto mzima kilomita kadhaa ili watu wajaze ndoo. Baada ya hapo, pangeni zamu na mabanio mengine kupitia jumuiya ya watumia maji, mkiishirikisha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iliyoko Iringa. Kilimo shadidi, ambacho huacha jaruba likauke kidogo kati ya maji na maji, kinasaidia pia, mradi maji yaliyookolewa yasifungue shamba jipya.

Mkikwama katika mazungumzo, upo mchezo uliobuniwa na mtafiti Bruce Lankford na kutumiwa huko huko Usangu: ubao ulioinamishwa, gololi zikiwa ndiyo maji, na vijiti vikiwa mabanio. Wa juu na wa chini wakibadilishana nafasi, mabishano hupungua haraka kuliko kwa hotuba ya mtaalamu yeyote, nami nikiwemo.

SWALI: Je, tukifunga mabanio kiangazi, umeme wa Mtera utaongezeka?
Msomaji, Iringa

JIBU: Kidogo sana. Bwawa la Mtera, lililo chini zaidi kwenye Ruaha Mkuu, lenye mitambo ya megawati 80 na linalohifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu chenye megawati 204, hujazwa na mafuriko ya msimu wa mvua, nalo hupokea pia mito ya Ruaha Mdogo na Kizigo. Maji ya Oktoba ni machache, tena hupita kwanza katika ardhioevu ya Ihefu na kusafiri kitambo kirefu hifadhini, hivyo wa kwanza kuyafaidi watakuwa samaki wa Ihefu na wanyama wa Ruaha. Kwa umeme, ulizeni zaidi jinsi maji yanavyofunguliwa bwawani.