Usiache kupanda basi, hata kama mshauri wako kasema

Mkuu, nisome kabla hujaghairi safari yoyote. Umeuliza kama vikao vya kwa simu vinafaa na kama uanze dawa, lakini mimi nimekwama pale ulipoandika kwamba huwa unavamiwa na hofu ya ghafla ndani ya basi, daktari kakupima moyo akakuta mzima, na mshauri nasaha wako kakwambia uache mabasi "mpaka utulie". Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na yalinigharimu sana.

Niliacha kupanda basi. Zikafuata foleni, kisha lifti, kisha vikao vya kazini, mwisho sitoki bila kusindikizwa. Kila ukikwepa unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa: ubongo unaamini umesalimika kwa sababu umekimbia. Na mshauri niliyekuwa namlipa akawa ananipongeza eti "najijali"! Tunachambua utoto wangu, nalia, natoka mwepesi, basi silipandi. Inaniudhi mpaka leo, maana kina Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili, walikuwa wakiwazoesha wagonjwa kile wanachokiogopa, hatua kwa hatua, tangu miaka ya 1950. Anayefanya kazi hii hawezi kusema hakusikia.

Mtaalamu aliyenitibu alifuata tiba ya utambuzi na tabia (CBT), yaani kubadili mawazo na mazoea yanayoilisha hofu. Tuliorodhesha ninavyoviogopa, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Kisha akanizungusha kwenye kiti mpaka nikapata kizunguzungu, akanipumulisha kwa mrija nimebana pua, akanikimbiza ngazini. Makusudi kabisa, ili mwili ujue kwamba moyo kwenda mbio si kufa. Ndipo tukapanda basi: bila chupa ya maji mkononi, bila kung'ang'ania kiti cha mlangoni, bila vidole shingoni kuhesabu mapigo. Ukizishikilia kinga hizo, utadhani ndizo zilizokuokoa. Hofu hufika kileleni, mara nyingi ndani ya dakika 10, halafu hushuka yenyewe, ila ili ubongo ujifunze hilo sharti uwe bado umekaa humo ndani.

Kikao kijacho muulize mshauri wako: "Tunaanza lini kulikabili basi, na kwa hatua zipi?" Tiba hii kwa kawaida ni vikao 6 hadi 20, si miaka. Akikwambia bado hujawa tayari na hana mpango wa kukuonyesha, tafuta mwingine.

Na safari yako ya basi usiighairi. Panda kituo kimoja, hata kwa kusindikizwa, kesho yake urudie peke yako.