Ukihamia Mahali Pageni, Anza na Mambo Yanayojirudia

Mtu anayehama kutoka upande mmoja wa nchi kwenda upande mwingine hupewa ushauri mwingi juu ya mizigo, nyumba na shule za watoto, kisha huachwa peke yake kwa yale yanayofuata. Huambiwa tu kwamba atazoea. Ni kweli kwamba wengi huzoea, lakini katika miaka niliyoishi mbali na nilikokulia nimewaona watu waliohamia mahali pamoja karibu wakati mmoja, wengine wakawa wenyeji na wengine wakabaki wageni, na tofauti yao haikuwa fedha wala uchangamfu. Waliokuwa wenyeji walikuwa na mambo machache waliyoyafanya mahali palepale, saa zilezile, mbele ya watu walewale. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu limenisaidia kuliko ushauri mwingine wowote niliopewa.

Hata hivyo nianze na mwili, kwa kuwa mara nyingi tunachokiita huzuni ya ugenini huwa na uchovu wa mwili ndani yake. Mimi nilitoka nchi ya chini yenye joto nikapanda nyanda za juu. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na hewa yenyewe huwa nyepesi, hivyo ngazi ulizozoea kuzipanda bila kufikiri huanza kukukata pumzi. Mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi, kazi inayochukua wiki kadhaa, na kwa wanaokwenda juu ya mita 2,500, kupanda kwa haraka kunaweza kuleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Jua nalo hudanganya, kwani baridi humfanya mtu adhani haliunguzi, ilhali mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Jikoni pia mambo hubadilika: kwenye mita 2,000 maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 93, kwa hiyo chakula cha kuchemshwa huchelewa kuiva, na kuongeza moto hakusaidii kitu, bali sufuria ya presha ndiyo inayosaidia. Anayehama kinyume chake, kutoka baridi kwenda joto, huhitaji wiki moja hadi mbili ili mwili ujifunze kutoa jasho mapema na kwa wingi. Katika siku hizo ni vyema kazi nzito zifanywe asubuhi na maji yanywewe hata kabla ya kiu.

Kuna jambo moja la afya ambalo sitaki msomaji alipite haraka. Aliyekulia penye malaria hupata kinga ya kiasi kutokana na kuugua mara kwa mara, na kinga hiyo hufifia akiishi kwa muda mrefu mahali pasipo na ugonjwa huo. Ndiyo maana mtu aliyehamia nyanda za juu anaporudi kuwasalimu wazazi wake baada ya miaka michache anaweza kuugua vibaya kuliko wadogo zake waliobaki. Watoto waliozaliwa huko juu hawana kinga hiyo kabisa. Neno la kwamba sisi tumekulia huku halilindi mtu yeyote. Lala ndani ya chandarua, muulize daktari juu ya dawa za kujikinga kabla ya safari, na homa yoyote itakayokujia huko au baada ya kurudi ipimwe siku hiyohiyo.

Shughuli za ofisini sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa zimalizwe mapema. Badilisha anwani, hamisha bima, jua kituo cha afya kilicho karibu na saa zake za kufunguliwa kabla hujaugua, na chukua nakala za kumbukumbu za chanjo za watoto kule unakotoka, kwa kuwa kuzifuatilia kutoka mbali ni usumbufu mkubwa.

Sasa moyo. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe, madaktari wa Marekani, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha na kulipatia kila moja uzito kadiri linavyomlazimu mtu kujirekebisha, kifo cha mwenzi kikiwa na alama 100. Kuhama makazi kulipewa alama 20 tu, na mtu akiishia hapo atajiona dhaifu kwa kuchoka kiasi kile. Lakini kuhama hakuji peke yake. Ukijumlisha mwenzi kuanza au kuacha kazi, alama 26, mabadiliko ya saa au mazingira ya kazi, 20, ya usingizi, 16, ya ulaji, 15, na ya mikusanyiko ya familia, 15, jumla yake pamoja na zile 20 hufika 112. Hesabu hiyo haimaanishi kwamba uhamisho ni msiba mkubwa kuliko kufiwa. Maana yake kwangu ni kwamba kinachomchosha mgeni ni mabadiliko mengi madogo yanayomwangukia kwa pamoja, na kwamba anachoweza kukifanya ni kuzuia baadhi yake. Saa ya kulala, saa ya kuamka na mlo wa familia pamoja ni vitu vinavyoweza kusafiri bila kubadilika. Katika miezi ya mwanzo nilivilinda kwa ukali, hata pale makasha yalipokuwa bado hayajafunguliwa, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo.

Jambo la pili la moyo ni wakati. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, mtafiti wa Norwei, aliandika juu ya Wanorwei waliokuwa wamekwenda kusoma na kufanya kazi Marekani, akaona kwamba waliokuwa na hali ngumu zaidi hawakuwa wale waliokaa muda mfupi kabisa, bali waliokaa kati ya miezi 6 na 18. Miaka mitano baadaye mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza hatua zinazofanana na hizo, zikianza na furaha ya upya, zikifuatiwa na msukosuko, kisha nafuu na mazoea. Si kila mtu hupita njia hiyo kwa mpangilio huo, na wapo wanaoanza na huzuni tangu siku ya kwanza. Faida ya kuyajua haya ni kwamba mtu anapoona mambo yanaharibika baada ya mwanzo mzuri, asidhani kwamba ameshindwa. Wakati huo marafiki wa zamani wameacha kupiga simu kila siku, wenyeji wameacha kumchukulia kama mgeni wa kupokelewa, na bado hajapata watu wake. Ni kipindi cha kupita katikati, na kinahitaji kupangwa.

Hapo ndipo yanapoingia mambo yanayojirudia. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya makazi ya wanafunzi waliooa katika chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, nao wakaona kwamba urafiki ulifuata milango: watu walifanya urafiki zaidi na jirani wa mlango wa pili kuliko wa mlango wa nne, na waliokaa karibu na ngazi walifahamiana zaidi na watu wa ghorofa ya juu. Hawakuchaguana kwa tabia kwanza. Walikutana mara nyingi bila kupanga, na kukutana huko kukazaa mengine. Naye Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na uliohusisha watu wazima waliokuwa wamehama karibuni, alikadiria kwamba huchukua saa kama 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, saa kama 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito sawa na saa za kukaa pamoja kwa hiari.

Nilipokutana na hesabu hiyo nilipata faraja kubwa. Ukionana na mtu kwa saa mbili kila wiki, saa 50 zinakwisha katika miezi sita hivi, na kabla ya hapo hakuna sababu ya kulalamika kwamba watu wa huku hawana urafiki. Kwa hiyo chagua mambo mawili au matatu yenye siku na saa maalumu, kama kwaya, darasa la jioni, mchezo, ibada, kikundi cha kuweka na kukopa au zamu ya usafi wa mtaa, kisha uende hata siku usiyojisikia. Ni bora kitu kimoja kila wiki kwa mwaka mzima kuliko sherehe kumi katika mwezi wa kwanza. Na ukipewa kazi, ipokee. Wahenga waliosema mgeni apewe jembe siku ya tatu hawakuwa wanamfukuza tu, kwani aliyeshika jembe ana mahali pa kusimama, ana wa kumuuliza, na asipoonekana watu humtafuta. Katika kikundi nilichojiunga nacho niliombwa niwe naandika mahudhurio. Ilikuwa kazi ndogo mno, lakini ilinilazimu kujua jina la kila mtu na kuuliza habari za asiyefika, na baada ya muda si mrefu nikawa naulizwa mimi.

Njia pia ina kazi yake. Nilikuwa napita jioni mbele ya fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, aliyekaa kibarazani na mashine yake ya kukanyaga. Tulisalimiana kwa mbali kwa muda mrefu bila la ziada. Siku moja nilipeleka sketi ya binti yangu ipunguzwe, naye kabla sijafungua mfuko akasema, "Leo umechelewa, mwanangu, au kulikuwa na kikao?" Sikuwa nimemwambia ninafanya kazi wapi. Alikuwa amezijua saa zangu kwa kuniona tu, na swali lake lilinituliza kwa namna ambayo salamu zote za ukaribisho hazikuwa zimefanya. Kwake ndiko nilikojua baadaye ni nani mwenye nyumba nzuri ya kupanga na ni mwalimu gani anayefaa. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba waliopata kazi kupitia watu wanaofahamiana nao wengi wao walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakimwona mara chache, wala si rafiki wa karibu. Kwa hiyo usiwadharau watu wa salamu.

Lugha ya mahali iendane na mwendo huohuo. Ikiwa wenyeji wana lugha yao au lafudhi yao, usingoje uijue yote ndipo uitumie. Jifunze salamu kwa ukamilifu, pamoja na jibu lake na namna ya kumsalimu mkubwa, kisha umwombe mtu mmoja mvumilivu awe anakusahihisha. Watu wakizungumza lugha yao mbele yako, usilichukue kama tusi. Wako kwao.

Nimalizie na nyumba, ambako naona watu wengi huumia kimya. Uhamisho ulikuwa wangu, na mume wangu aliacha kazi yake ili tusitengane. Mimi niliingia ofisini nikakuta meza, ratiba na watu wanaonisubiri. Jioni moja aliniambia kwa upole, "Wewe umehamia kazini. Mimi nimehamia ndani ya nyumba." Maneno yale yalibadili mipango yetu yote. Watu wawili wa nyumba moja hawazoei kwa mwendo mmoja, na yule aliyefuata ndiye anayestahili kupewa nafasi ya kwanza katika ratiba: jioni zake za kutoka zipangwe kabla ya zako, na maamuzi ya mtaa gani wa kuishi yaangalie yeye anaweza kufika wapi kwa miguu. Watoto nao waruhusiwe kusema kwamba hawapapendi bila kuhubiriwa. Mwanetu wa kwanza alitaka tu kuongea na rafiki yake wa zamani kila Jumamosi, tukampa saa hiyo, na kadiri alivyopata wenzake wapya alianza mwenyewe kuifupisha. Kwa watu wazima pia, simu za nyumbani zenye siku yake ni bora kuliko jioni nzima ya kusoma ujumbe wa kundi la kule ulikotoka, kwa kuwa jioni hiyohiyo ndiyo ambayo ungekuwa kwenye kwaya.

Na swali la kurudi litakuja. Ikiwa kuna hatari ya usalama, au ugonjwa ambao hali ya hewa inauzidisha, au huzuni inayokunyima usingizi na hamu ya kula kwa wiki nyingi, tafuta msaada wa daktari mara moja na usijilazimishe kusubiri. Pasipo hayo, ngoja majira yote ya mwaka yapite kabla ya kuamua, kwa sababu mahali palipokuchosha wakati wa mvua panaweza kuwa pengine kabisa wakati wa kiangazi. Siku ya kuamua ikifika, kaeni wote wa nyumba, kila mmoja aandike majina ya watu ambao angewaaga kabla ya kuondoka, na uamuzi uanze kwa kumsikiliza mwenye majina machache zaidi.