Si lazima uanzie Usalama

Mdogo wangu, umeuliza kama ni lazima uanzie Usalama wa Taifa, idara ya ujasusi ya Tanzania, ndipo ufike kileleni mwake. Hapana. Mtazame Diwani Athumani: afisa wa polisi, akawa DCI (mkuu wa upelelezi wa makosa ya jinai), halafu Katibu Tawala wa Mkoa wa Kagera, 2018 akapewa kuongoza TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na Septemba 2019 Rais Magufuli akamkabidhi Idara ya Usalama wa Taifa. Wengi wanairuka Kagera wakisimulia, lakini mimi naipa uzito: RAS, yaani Katibu Tawala wa Mkoa, kutwa yuko na bajeti, watumishi na hoja za ukaguzi, anajifunza serikali inavyokwenda. Mkurugenzi Mkuu wa Idara anateuliwa na Rais, hakuna foleni ya vyeo. Vijiwe vya kahawa Kariakoo vitakupigia stori za majasusi. Wewe kazania kuandika ripoti fupi inayoeleweka.